Siku ya Hamsini

Ripoti ile niliiandika kwa dakika 20. Ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu na grafu moja, na mwisho wake kulikuwa na kichwa kidogo, "Chanzo", ambapo niliandika maneno matatu: kosa la mtumiaji. Nikaituma, nikateremka ngazi kutafuta chapo madondo.

Huyo mtumiaji nilikuwa nimemwona mara moja tu, Januari 12, siku niliyopanda kwenda kufunga kifaa chetu katika kituo cha kupozea maziwa huko Kinangop. Alikuwa karani wa kituo. Yeye ndiye anayepima maziwa ya wakulima kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndiye anayeandika kilo, ndiye anayeosha tangi lori likishaondoka. Aliniletea uji kwenye kikombe cha bati, akasimama akinitazama nikikaza skrubu za mwisho. Saa sita mchana nikawasha. Akaniuliza, "Na hiki kisanduku chako kinaweza kudanganya?"

Nikacheka. "Mama, mashine haijui kudanganya."

Nieleze kazi yangu kidogo, kwa sababu hata nyumbani wanajua tu kwamba "niko kwa kompyuta". Chini ya kila programu unayoiona kwenye simu yako kuna programu nyingine usiyoiona, inayoitwa kerneli. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, ndiyo inayoamua nani atumie prosesa na kwa muda gani, na ndiyo inayozungumza na vyuma vyenyewe. Mimi nilikuwa naandika draiva, yaani wakalimani kati ya kerneli na vyuma hivyo. Mkalimani akikosea, kila aliye juu anapokea uongo, na hana njia ya kujua.

Kisanduku cha Kinangop kilikuwa kompyuta ndogo ya biti 32 inayoendeshwa na Linux. Kila sekunde 10 draiva yangu ilikuwa inasoma joto la maziwa ndani ya tangi la lita 2,000. Joto likipanda juu ya nyuzi 4.5, kompresa inawaka. Likishuka chini ya 3.5, inazima. Kila dakika namba ya mwisho inatumwa kwa laini ya simu hadi seva yetu Nairobi. Basi. Hakuna maajabu. Tulikuwa na vituo 11, na vyote vilikuwa na msimbo ule ule.

Machi 3, lori lilipofika saa sita kasoro, dereva alitumbukiza kipimajoto chake kwenye tangi: nyuzi 19. Akachanganya maziwa kidogo na alkoholi kwenye kichupa, yakaganda vipande vipande. Akafunga mlango wa lori akaondoka bila kubeba hata lita moja. Skrini ya kisanduku changu ilikuwa inasema 4.0.

Karani alipiga simu ofisini. Akaambiwa azime kisanduku, ahesabu hadi kumi, awashe tena. Kompresa ikanguruma, tatizo likafungwa. Zima-washa kwetu ni kama Panadol: ukipona, huulizi ulikuwa unaumwa nini. Akaambiwa pia asikiguse kisanduku siku nyingine kabla ya kupiga simu.

Aprili 22 ikawa hivyo hivyo, safari hii lita 1,300. Kamati ya ushirika ikataka maelezo kutoka kwa kampuni, na kampuni ikanigeukia mimi.

Nilifanya nilichofundishwa. Niliweka kisanduku kama kile mezani kwangu kwa siku nne. Kikafanya kazi bila shida. Nikachukua data ya seva. Kabla ya saa kumi na moja na robo asubuhi ya siku ile, mstari wa joto ulikuwa unatetemeka kama kawaida: 3.7, 3.9, 4.2, 4.0. Baada ya hapo ukanyooka: 4.0, 4.0, 4.0, hadi saa sita. Niliutazama mstari ule nikasema, ona baridi ilivyotulia. Hospitalini kila mtu anajua mstari ulionyooka unamaanisha nini. Mimi niliona ushahidi kwamba kifaa chetu kilikuwa sawa.

Tena hesabu ilionekana rahisi. Visanduku 11, msimbo mmoja, kituo kimoja tu kinachoharibu maziwa. Tofauti ni nini? Tofauti ni mtu. Labda anazima umeme usiku ili asisikie kelele, labda anaacha kifuniko wazi. Nikaandika maneno yangu matatu. Kamati ikasoma, ikamkata karani mshahara wa wiki mbili.

Juni 11 ikatokea mara ya tatu. Siku mbili baadaye simu yangu ililia, namba nisiyoijua. Siku ya kufunga kifaa nilikuwa nimeandika namba yangu kwa biro ndani ya kifuniko, kwa sababu nilipenda kujiona mtu wa kupatikana.

"Kijana, ni wewe uliyeandika kwamba mimi huzima mashine?"

Nikanyamaza.

"Hukuniuliza. Uliniandika tu. Sasa wameniambia nikae nyumbani. Njoo uone kitabu changu. Ukishakiona, andika unachotaka."

Jumamosi nikaenda stendi. Kama hujawahi kufika upande huo wa Nyandarua, jua kwamba kuna mji unaoitwa Engineer. Hivyo tu, Engineer. Makanga alikuwa akiita, "Engineer, Engineer, mmoja amebaki!" na kila alipoita nilihisi ananisuta mimi. Tukapita Limuru, tukapinda pale Flyover, tukapita Njabini, baridi ikaanza kuingia kwa dirisha. Njia nzima nilikuwa nikipanga jinsi ya kumweleza mama wa watu, kwa upole, kwamba data haina chuki na mtu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akichagua viazi vya mbegu. Hakuniletea uji. Alifuta mikono kwa leso, akaingia ndani, akatoka na kaunta buku yenye jalada jeusi.

Baada ya ile mara ya kwanza, alianza kupima mwenyewe. Alikuwa na kipimajoto cha kioo cha zamani, cha kabla ya sisi kuja. Kila siku aliandika tarehe, saa, na safu mbili: "Mashine" na "Kioo". Kurasa na kurasa za 4.1 na 4, 3.9 na 4. Kisha Aprili 22. Saa kumi na mbili na nusu: mashine 4.0, kioo 4. Saa moja na nusu: mashine 4.0, kioo 9. Saa tatu: mashine 4.0, kioo 16.

"Saa tatu niliwapigia," akasema. "Saa tatu na nusu. Saa nne. Mlipokea saa sita kasoro. Mliniambia nisiguse, sikugusa."

"Na Juni 11?"

"Juni sikungoja. Nikakizima mwenyewe saa tatu, nikakiwasha, kikaanza kufanya kazi. Lakini maziwa yalishashika joto, lori likayakataa. Halafu kamati ikaona kwa karatasi zenu kwamba kisanduku kilizimwa saa tatu. Wakasema, si tumemshika."

Nilikuwa nimeketi kwenye debe lililopinduliwa. Nikaangalia zile tarehe tena: Machi 3, Aprili 22, Juni 11. Alikuwa amezizungushia duara kwa biro nyekundu. Sijui kwa nini nilihesabu. Labda nilikuwa natafuta mahali pa kuficha macho. Machi 3 hadi Aprili 22, siku 50. Aprili 22 hadi Juni 11, siku 50. Nikarudi nyuma, Januari 12, siku niliyowasha kifaa, hadi Machi 3. Siku 50.

Masikio yangu yakapata moto. Yeyote anayefanya kazi yangu anaijua namba hiyo, kama vile makanga anavyojua sura ya askari wa trafiki.

Ni hivi. Ndani ya kisanduku kulikuwa na chipu ya kusoma joto, na chipu hiyo ina saa yake. Haijui Jumatatu wala Jumanne. Inahesabu milisekunde tangu iwashwe. Hesabu hiyo inakaa kwenye biti 32, na biti 32 zina nafasi ya namba 4,294,967,296 tu. Milisekunde hizo ni siku 49, saa 17 na dakika 2. Zikiisha, saa inarudi sifuri na kuanza upya. Kutoka saa sita mchana ya Machi 3, ongeza siku 49 na saa 17: unafika Aprili 22, saa kumi na moja na dakika chache alfajiri. Pale pale mstari wangu uliponyooka.

Saa kurudi sifuri si kosa. Saa zote hurudi. Ukimuuliza mtoto wa darasa la pili, kutoka saa kumi na moja hadi saa mbili ni saa ngapi, atahesabu vidole akuambie tatu. Hawezi kukuambia kutoa tisa. Lakini draiva yangu ilikuwa inasema kutoa tisa. Kila mara iliuliza: sasa, toa mara ya mwisho niliposoma joto, je, sekunde 10 zimepita? Saa iliporudi sifuri, jibu likawa namba hasi kubwa ajabu. Bado, ikasema draiva. Ngoja kwanza. Ingengoja siku nyingine 49, na hata hapo sekunde hizo 10 zisingetimia. Wakati huo kompresa ilikuwa imezimwa kwa sababu maziwa ya jioni yalikuwa na nyuzi 4, na sehemu nyingine ya programu, iliyokuwa hai kabisa, iliendelea kutuma Nairobi namba ya mwisho iliyoachiwa. 4.0, 4.0, 4.0.

Kinachouma zaidi ni kwamba kosa lilitokana na uangalifu wangu. Ningeziweka zile hesabu kwenye biti 32 zisizo na alama ya hasi, kutoa kungezunguka kwenyewe kama vidole vya yule mtoto, na jibu lingekuwa sahihi. Lakini nilidhani sanduku kubwa ni salama zaidi, nikazitia kwenye biti 64 zenye alama. Nikawa nimetengeneza nafasi ya hasi mahali ambapo haikuwepo.

Na kwa nini Kinangop peke yake? Nikamuuliza karani kama stima hupotea pale kituoni. Akanionyesha paa. Kituo chake ndicho pekee kilichokuwa na sola na betri kubwa. Kwingine kote stima ilikuwa inapotea kila wiki mbili tatu, visanduku vinazima na kuwaka, saa inaanza sifuri, na hakuna aliyefika siku ya 50. Kukatika kwa stima kulikuwa kunatuokoa bila sisi kujua. Kituo kilichoharibu maziwa ni kile kilichotunzwa vizuri kuliko vyote.

Wala si sisi wa kwanza. Windows 95 na Windows 98 zilikuwa na tatizo hilo hilo: kompyuta ikikaa siku 49.7 bila kuzimwa, inaganda. Watu hutania kwamba ilichukua miaka kugunduliwa kwa sababu hakuna Windows ya enzi hizo iliyodumu siku zote hizo bila kuanguka kwa sababu nyingine. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara, kwa kuwa jenereta zake zingeweza kujizima zikikaa siku 248 mfululizo. Hiyo nayo ni hesabu iliyojaa.

Wazee wa Linux walijua sisi ni watu wa namna gani. Kerneli ina hesabu yake ya muda inayoitwa jiffies, na kwa makusudi hawakuianzisha kwenye sifuri. Waliianzisha dakika 5 kabla ya kujaa. Kila unapowasha mashine, dakika 5 baadaye inazunguka, na kama msimbo wako ni mbovu unavunjika ukiwa bado mezani kwako, si baada ya wiki saba kwenye tangi la mtu. Huo mtego ulitegwa kwa ajili ya watu kama mimi. Mimi niliuruka. Saa ya chipu ilikuwa inakuja pamoja na joto, karibu na mkono, nikaitumia hiyo.

Jumatatu nikafanya walichofanya wazee. Nikailazimisha saa ya chipu ianze dakika 5 kabla ya mwisho wake, nikawasha, nikakaa. Nikatumbukiza kipimajoto kwenye kikombe cha maji ya barafu. Dakika ya tano ikapita. Nikamwaga maji ya moto kwenye kikombe. Mvuke ukapanda, na skrini ikabaki 4.0.

Dawa yake ilikuwa alama tatu. Palipoandikwa s64 nikaandika u32. Nikajaribu tena, saa ikazunguka, joto likapanda kwenye skrini kama linavyopaswa. Kazi ya dakika moja.

Bosi wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vituo 11 na mwekezaji anayepiga simu kila Ijumaa. Alisoma nilichoandika, akavua miwani. "Tuma sasisho kwa vituo vyote. Kwenye maelezo sema tumeboresha uthabiti. Hakuna haja ya kuandika historia."

"Na karani?"

"Atarudi kazini polepole. Maziwa hayataharibika tena, watasahau."

Usiku huo nilisoma tena kuhusu Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi. Kati ya 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, iliwapa wagonjwa angalau sita mionzi kupita kiasi, na wengine wao walikufa. Mjini Tyler, Texas, mwaka 1986, mwendeshaji wa mashine alikuwa amezoea kazi yake hata vidole vinakimbia. Alikuwa akikosea herufi moja, anairekebisha ndani ya sekunde 8, kabla sumaku za mashine hazijamaliza kujipanga, na programu haikuona marekebisho yake. Watengenezaji walishikilia kwamba mashine haiwezi kuzidisha mionzi. Ni mwendeshaji huyo na mwanafizikia wa hospitali waliokaa wakarudia, wakarudia, hadi wakaonyesha jinsi inavyotokea. Niliwahi kuisoma hadithi hiyo chuoni nikapata alama nzuri kwenye mtihani. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningekuwa upande wa pili wa simu.

Kwenye kumbukumbu ya msimbo, mahali tunapoeleza kila badiliko, niliandika yote: kosa ni langu, lilianza tarehe gani, liligunduliwa na karani wa kituo kwa kalamu na kipimajoto cha kioo. Lakini karani hasomi kumbukumbu za msimbo, na kamati haisomi. Alhamisi nikapanda tena matatu ya Engineer na barua mfukoni, yenye jina langu mwenyewe, bila nembo ya kampuni.

Kamati ilikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya kituo, pamoja na wakulima wapatao 30. Nilisoma barua nikiwa nimesimama. Sikueleza biti. Nilisema kisanduku chetu kilikuwa kinadanganya kila siku ya 50, kwamba mimi ndiye niliyekifundisha kudanganya, na kwamba karani alisema kweli tangu siku ya kwanza. Karani alikuwa amekaa nyuma. Hakuinua uso.

Mzee mmoja akasimama, ameshika kofia. "Pesa za maziwa mtatulipa?"

Nikasema nitapeleka ombi. Mwishowe kampuni ililipa nusu.

"Na mshahara wake?"

Mwenyekiti akasema utarudishwa. Ulirudishwa mwezi uliofuata.

"Sawa," mzee akasema. "Lakini huyu mama tumemsema sokoni, tumemsema hadi kanisani. Mke wangu alimkatalia salamu. Hayo nayo mtayarudisha na nini?"

Hakuna aliyejibu. Mzee akakaa.

Nilipewa barua ya onyo, na Desemba mkataba wangu haukuongezwa. Sasa nafanya kazi kwingine, bado chini kule kule, kwenye kerneli. Siandiki tena "kosa la mtumiaji" kabla sijamsikia mtumiaji mwenyewe. Na mstari ukinyooka kwenye grafu, nauogopa.

Agosti mwaka ule, kabla mkataba haujaisha, nilirudi Kinangop kuhakikisha siku ya 50 imepita salama. Ilikuwa imepita. Safari hii uji ulikuwepo. Karani alifungua kaunta buku akanionyesha safu zake mbili, zikienda pamoja ukurasa hadi ukurasa.

"Kwa hiyo hiyo saa haitajaa tena?" akauliza.

Ningeweza kusema hapana. Nikamwambia ukweli: ya kisanduku hiki itajaa, lakini sasa kinajua kuhesabu. Ila kuna saa nyingine, ya kompyuta nyingi za zamani duniani, inayohesabu sekunde tangu 1970 kwenye biti 32. Wengi wameshaitengeneza, Linux nayo imo, lakini vifaa vya zamani bado viko kwenye kuta na mashine za watu. Hiyo itajaa Januari 19, 2038. Kwa saa zetu ni saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi.

"Wakulima watakuwa kwenye foleni," akasema.

Akageuza hadi ukurasa wa mwisho wa kitabu, akaandika tarehe na saa, akaizungushia duara nyekundu. Kisha akaniomba namba yangu tena, ile ya kwenye kifuniko ilikuwa imefutika, akaiandika kando yake.